Supu ya Viazi na Soseji: Safari ya Joto Kuingia na Kutoka

Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kuanzia Boston hadi mpakani mwa Kanada, majira ya baridi kali huanza Desemba na kuendelea hadi Machi. Katika miezi hiyo halijoto ya hewa mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 0 za Sentigredi na maji ya mabwawa huganda. Wakazi wa huko wanacho chakula chao cha siku za baridi, nacho ni supu nzito iitwayo chauda. Wengi husadiki kwamba jina hilo limetokana na neno la Kifaransa chaudière, yaani sufuria kubwa. Maelekezo ya kuipika yalichapishwa katika gazeti moja la Boston mwaka 1751. Wakati huo chauda ilikuwa chakula cha mabaharia na wavuvi: samaki, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, vitunguu, na biskuti ngumu za melini zilizotumika kuifanya supu iwe nzito. Baadaye viazi mviringo vilichukua nafasi ya biskuti, na soseji inaweza kuchukua nafasi ya samaki.

Kiazi chenyewe hakikuzaliwa Boston. Asili yake ni milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, katika nchi ambazo leo ni Peru na Bolivia, ambako wakulima walianza kukilima maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walikipeleka Ulaya katika karne ya 16. Leo kinastawi pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki: Njombe, Makete na Mbeya nchini Tanzania, Nyandarua na Meru nchini Kenya. Katika sehemu hizo mwezi wa Julai watu huota moto asubuhi, na katika uwanda wa Kitulo jalidi huonekana juu ya majani. Supu ya Boston, basi, inaweza kupikwa Njombe kwa viazi, vitunguu na maziwa ya Njombe.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuipika supu hiyo na sababu ya kila hatua. Mwanafunzi atakayeifuata hadi mwisho ataona kwamba mapishi yote ni somo moja la fizikia na kemia: joto huingia katika chakula kwa kanuni fulani, na hutoka kwa kanuni zilezile. Mpishi anayejua nusu ya kwanza tu ya somo hilo hupika supu tamu, lakini anaweza kuwaugusha walaji siku ya pili.

VIPIMO

Kwa watu 6 vinahitajika: viazi mviringo kilo 1, soseji nusu kilo, vitunguu maji 2 vikubwa, unga wa ngano gramu 30 (vijiko vikubwa 3 hivi), maji lita 1, maziwa nusu lita, pilipili manga na chumvi kidogo. Soseji inaweza kuwa ya ng'ombe, ya kuku au ya nguruwe, kulingana na dini na desturi ya mlaji. Kanuni za sayansi hazibadiliki.

Kabla ya kumenya, viazi na vichunguzwe. Kiazi kilichokaa juani hugeuka rangi kikawa kijani. Rangi hiyo ni klorofili, ambayo peke yake haina madhara. Lakini mwanga huohuo huongeza katika ganda na machipukizi sumu iitwayo solanini, na sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemsha. Sehemu ya kijani na machipukizi yote yakatwe na kutupwa pamoja na nyama ya kiazi inayoyazunguka. Kiazi kilichogeuka kijani sehemu kubwa, au kilicho kichungu, kisiliwe kabisa.

HATUA YA KWANZA: KUKAANGA SOSEJI

Soseji hukatwa vipande na kukaangwa ndani ya sufuria kavu, bila maji, kwa moto wa wastani. Mafuta yake huyeyuka na kutosha kuikaanga yenyewe. Baada ya dakika chache vipande hugeuka rangi ya kahawia na harufu nzuri hujaa jikoni. Mabadiliko hayo yalielezwa na mwanakemia Mfaransa, Louis Camille Maillard, mwaka 1912: asidi za amino za protini huungana na sukari na kufanya mamia ya dutu mpya zenye rangi, harufu na ladha.

Tendo hilo huenda kwa kasi karibu na nyuzi 140. Maji ya kawaida hayavuki nyuzi 100. Kwa hiyo nyama iliyotumbukizwa majini tangu mwanzo huiva, lakini haipati rangi wala harufu hiyo hata ikichemshwa kutwa nzima. Hii ndiyo sababu ya kukaanga kwanza na kutia maji baadaye. Vitunguu vilivyokatwakatwa hufuata, kisha unga hunyunyizwa na kukorogwa ili kila chembe ipakwe mafuta. Chembe zilizopakwa mafuta hazishikamani, na kwa hiyo maji yanapotiwa unga haufanyi madonge. Ukoko mwembamba wa kahawia uliobaki chini ya sufuria ukwanguliwe kwa mwiko maji yanapoanza kutiwa, kwa maana humo ndimo ladha nyingi ya supu ilimo.

Kukaanga huku hakutoshi kuivisha soseji. Nyama iliyosagwa ni tofauti na pande zima la nyama: vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama wakati wa kusaga sasa vimeenea hadi katikati. Hivyo kitovu cha soseji hakina budi kufikia nyuzi 71 au zaidi. Aidha, nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na vifuko vya tegu wa nguruwe, ambaye kisayansi huitwa Taenia solium. Mtu aliyekula vifuko hivyo hupata tegu tumboni, na mayai yanayotoka naye yakiingia katika chakula au maji ya watu, viluwiluwi vyake vinaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Mchemko wa dakika 20 utakaofuata ndio unaoondoa hatari hiyo.

HATUA YA PILI: VIAZI NA WANGA

Viazi vilivyomenywa hukatwa vipande vya sentimita 2 na kutiwa pamoja na maji. Kipimo hiki kina sababu. Joto huingia ndani ya kiazi kwa mpitisho, yaani kutoka molekuli hadi molekuli, nalo husafiri polepole. Muda unaohitajika hutegemea mraba wa unene: kipande chenye unene mara 2 huhitaji muda wa karibu mara 4. Mwanafunzi aiweke akilini kanuni hii, kwani itarudi mwishoni mwa makala.

Karibu sehemu 80 katika 100 za kiazi ni maji, na sehemu 15 hadi 18 ni wanga. Wanga huo umefungwa katika chembe ndogo. Chembe za wanga wa kiazi ni kubwa kuliko za mchele au za mahindi. Zile kubwa hufikia sehemu ya kumi ya milimita. Katika maji baridi chembe hizo hubaki ngumu na kuzama. Halijoto ikifika kati ya nyuzi 58 na 68 hunywa maji na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali, na baadhi ya molekuli zake ndefu hutoka na kuingia majini. Chembe zilizovimba hugusana na kuzuiana, na maji yaliyokuwa mepesi huwa mazito. Ndilo jambo linalotokea pia katika sufuria ya uji.

Wanga mwingi wa kiazi, hata hivyo, umo ndani ya kuta za seli. Mpishi anayetaka supu iwe nzito zaidi huponda vipande vichache kwa mwiko vinapoiva, ili seli zipasuke na wanga utoke. Seli hizo zimegandamana kwa dutu iitwayo pektini, ambayo hulainika katika maji ya moto na kuachia. Asidi huizuia pektini isilainike. Kwa sababu hiyo anayependa kutia nyanya au ndimu angoje viazi viive kwanza. Akitangulia, viazi hubaki vigumu na kuni huteketea bure.

Kuhusu kuni, jambo moja zaidi lafaa kufahamika. Maji yakishaanza kuchemka, kuongeza moto hakuongezi halijoto yake. Kunaongeza mvuke tu. Kuipandisha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi, lakini kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260, yaani karibu mara 7. Supu iliyofunikwa na kuchemka taratibu huiva sawasawa na ile inayofoka, kwa kuni chache zaidi.

Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na maji yanavyochemka mapema. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Boston, iliyo pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Wanga utavimba, maana wenyewe wahitaji chini ya nyuzi 70, lakini pektini italainika polepole zaidi. Viazi vilivyoiva Boston kwa dakika 20 vitahitaji muda mrefu zaidi Njombe, na mpishi apime kwa uma, si kwa saa. Sufuria ya mvuke yenye kifuniko kinachobana hurudisha kile kilichopotea: kanieneo ndani yake ikiwa mara 2 ya ile ya pwani, maji huchemka karibu na nyuzi 120.

HATUA YA TATU: MAZIWA

Maziwa hutiwa mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na supu haichemshwi tena kwa nguvu. Protini kuu ya maziwa, iitwayo kasini, huelea katika vitonge vidogo mno vinavyosukumana kwa sababu vyote vina chaji ya umeme ya aina moja. Asidi huiondoa chaji hiyo, na vitonge hukutana na kugandamana. Ndipo watu husema kwamba maziwa yamekatika. Joto kali huharakisha jambo hilo. Supu yenye chumvi ya soseji na asidi kidogo ya mboga ni mahali rahisi kwa maziwa kukatika. Wanga uliokwisha kuvimba husaidia kuyalinda, kwa kuwa huvizuia vitonge visikutane kwa urahisi. Mtu aliyefuata utaratibu wa hatua hizi amekwisha kuyaandalia maziwa ulinzi wake.

Chumvi ionjwe sasa, wala si mapema, maana soseji imekwisha kutoa chumvi yake na maji yamepungua kwa mvuke.

SUPU HUMTIAJE MTU JOTO?

Watu husema kwamba supu ya moto humtia mtu joto. Na ifanyike hesabu. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilojuli 37 mwilini. Gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa 17. Kwa vipimo vilivyotajwa, soseji yenye mafuta robo ya uzito wake hutoa kilojuli 5,800 hivi, viazi 3,200, maziwa 1,350, unga na vitunguu 750. Jumla ni kilojuli 11,100, au 1,850 kwa kila mlaji.

Sasa lichukuliwe joto lililomo katika supu yenyewe. Bakuli la mlaji mmoja lina uzito wa kilo 0.53 hivi. Likiliwa kwa nyuzi 60 na kupoa tumboni hadi nyuzi 37 za mwili, litatoa kilojuli 49 tu. Nishati iliyofichwa katika chakula ni zaidi ya mara 35 ya ile inayosikika mdomoni. Umoto wa supu huburudisha mikono na koo kwa muda mfupi; viazi na mafuta ndivyo vinavyoufanya mwili uendelee kuwa na joto usiku. Mtu mzima aliyepumzika hutumia kilojuli 290 hivi kwa saa, na bakuli hilo moja humtosha kwa zaidi ya saa 6.

KWA NINI SUPU NZITO HUKAWIA KUPOA

Katika maji mepesi joto husafiri kwa myuko: maji yaliyopoa juu huwa mazito na kushuka, ya moto hupanda, na mzunguko huo huleta joto usoni, ambako hupotea hewani. Katika supu nzito chembe za wanga huuzuia mzunguko. Joto la katikati halina njia ila mpitisho. Kila aliyekunywa uji mzito anajua kwamba ukingoni umepoa na katikati bado unaunguza. Tabaka la mafuta juu ya supu nalo huzuia maji yasigeuke mvuke na kuchukua joto. Kwa mlaji aliyekaa katika baridi, sifa hii ni njema. Kwa mpishi wa shule ya bweni mwenye sufuria ya lita 40 iliyobaki nusu jioni, sifa hiyohiyo ni hatari.

HATARI YA SUFURIA ILIYOACHWA USIKU

Kuchemsha huua bakteria walio wengi, lakini baadhi yao hujihifadhi katika spora ambazo nyuzi 100 haziziui. Mmoja wao ni Clostridium perfringens, apatikanaye udongoni na katika nyama. Supu inapopoa na kushuka chini ya nyuzi 50 hivi, spora huchipua. Hewa haipenyi katikati ya supu nzito, na bakteria huyu hustawi pasipo hewa. Karibu na nyuzi 45 anaweza kugawanyika kwa muda usiozidi dakika 20. Mmoja huwa 8 baada ya saa 1; baada ya saa 6 huwa 262,144. Anayekula supu hiyo bila kuichemsha upya huumwa na tumbo na kuharisha kabla ya siku kwisha. Supu haibadiliki harufu wala ladha. Hakuna dalili ya kumwonya.

Ndugu ya bakteria huyo ni Clostridium botulinum. Jina lake linatokana na neno la Kilatini botulus, yaani soseji, kwa kuwa daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliueleza ugonjwa wake katika miaka ya 1820 alipochunguza watu waliouawa na soseji zilizoharibika. Bakteria mwenyewe aligunduliwa na Mbelgiji Emile van Ermengem, aliyetangaza utafiti wake mwaka 1897 baada ya watu kula paja la nguruwe lililohifadhiwa vibaya. Chumvi ya nitriti inayotiwa katika soseji nyingi za viwandani humzuia asikue, na ndiyo inayozipa rangi ya waridi.

Basi ni jinsi gani supu itapozwa? Hapa kanuni ya vipande vya kiazi inarudi. Viazi hukatwa vidogo ili joto liingie upesi. Supu nayo haina budi kugawanywa ili joto litoke upesi. Supu yenye kina cha sentimita 20, ikimiminwa katika sinia zenye kina cha sentimita 5, imepunguzwa unene mara 4, na muda wa joto kutoka kwa mpitisho hupungua karibu mara 16. Sinia ziwekwe ndani ya maji baridi, na supu ikorogwe mara kwa mara ili mwiko ufanye kazi ambayo myuko umeshindwa. Majiko ya umma nchini Marekani hufuata kipimo hiki: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, na kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata.

Pasipo jokofu, kipimo hicho cha pili hakiwezekani, hata Njombe mwezi wa Julai. Hapo kuna njia mbili za salama: kupika kinachomalizika kwa mlo mmoja, au kuiacha supu motoni, daima juu ya nyuzi 60, hadi iishe. Kuichemsha upya asubuhi huwaua Clostridium perfringens waliozaliana, lakini si kinga kamili, kwa sababu bakteria wengine, kama Staphylococcus aureus atokaye mikononi mwa wapishi, huacha sumu isiyoharibiwa kwa mchemko.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Kijiko kimoja cha wanga wa kiazi kitiwe katika kikombe cha maji baridi, kisha kipashwe moto polepole huku kikikorogwa. Wanafunzi wasome kipimajoto kila dakika na waandike halijoto ambayo uzito unaanza kuonekana. Tone la iodini litaonyesha wanga kwa rangi ya buluu-nyeusi.

2. Bakuli mbili zilizo sawa zijazwe, moja maji na nyingine uji mzito, zote kwa nyuzi 80. Halijoto ya katikati ipimwe kila dakika 5 kwa muda wa saa 1, na grafu mbili zichorwe katika karatasi moja.

3. Uji uleule ugawanywe sehemu mbili zenye ujazo sawa, moja katika kopo jembamba na refu, nyingine katika sahani pana. Ipi inashuka hadi nyuzi 40 kwanza, na baada ya muda gani?

MASWALI

1. Kwa nini soseji hukaangwa kabla ya maji kutiwa?

2. Shule iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiria kiwango cha kuchemka cha maji mahali hapo.

3. Sufuria yenye umbo la mchemraba imebadilishwa na nyingine yenye pande ndefu mara 2. Ujazo umeongezeka mara ngapi? Eneo la uso limeongezeka mara ngapi? Eleza maana ya majibu hayo kwa supu inayopoa.

4. Ipitie ratiba ya jiko la shule yako. Chakula kilichobaki jioni huwekwa wapi, katika chombo chenye kina gani, na hukaa saa ngapi kabla ya kuliwa? Andika pendekezo moja ambalo mpishi anaweza kulitekeleza kwa vyombo alivyo navyo.